Ati Ulaya aina za miti ni chache juu ya baridi?

Hii stori naisikia sana hapa Nakuru. Sasa mbona China na mashariki ya Marekani kuna baridi hivo hivo na aina ni nyingi kuliko? Visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vinaonyesha kwamba miti kama magnolia na hikori zilikuwa zinamea Ulaya kabisa, kabla enzi za barafu zianze miaka milioni 2.6 hivi iliyopita. Barafu ikishuka miti husogea kusini, mbegu kwa mbegu, lakini huko Ulaya milima ya Alps imelala mashariki-magharibi, nyuma yake bahari ya Mediterania, mingi ikakwama ikaisha. Marekani, milima ya Appalachia inaelekea kaskazini-kusini, njia wazi.