Je, wajua kwa nini trauti hawezi kuishi Mto Pangani?

Kijana mmoja wa Muheza anataka kuchimba bwawa afuge trauti, samaki aliyemwonja alipokwenda Nyeri, Kenya. Swali lake: kama kule anaishi mtoni, kwa nini asiishi huku Tanga? Maji si maji tu?

Hapana, mdogo wangu. Trauti ni mtoto wa baridi. Kwao ni Ulaya, na kwa aina nyingine, pwani ya Pasifiki ya Marekani Kaskazini. Wakoloni walimpeleka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakamwachia kwenye vijito vya Nyandarua, naye akazaana, maana maji ya huko hushuka mlimani yakiwa baridi, safi, yakigonga mawe na kuchanganyika na hewa.

Hewa hiyo ndiyo kiini cha jambo. Lita moja ya maji ya nyuzijoto 10 hubeba hadi miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubeba 7.5 tu. Na trauti, kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo mwili wake unavyodai oksijeni zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Hustawi kwenye nyuzi 10 hadi 16 hivi. Yakizidi 25 na kubaki hapo, hufa. Sasa teremka kwenye Mto Pangani pale Korogwe, mchana wa Februari, utumbukize mkono. Mto huo huo huanzia Kilimanjaro na Meru ukiwa baridi, lakini hadi kutufikia umeshavuka nyika yenye jua kali.

Hata kama angestahimili joto, mayai yangemshinda. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga humo na kuyafukia, nayo hukaa karibu mwezi mzima, hata kwenye nyuzi 10, yakitegemea maji safi yapite katikati ya vijiwe. Tope likituama juu yake, hukosa hewa na kufa. Mto wetu ukifurika, rangi yake mnaijua.

Perege hana shida hiyo: mama huyaatamia mayai mdomoni. Wapo hata wenye jina la kitaalamu la mto huu, Oreochromis pangani. Perege hupenda nyuzi 25 hadi 30, kiasi ambacho bwawa la Muheza hukipata bila gharama yoyote. Kijana nimemwambia achimbe, lakini apande perege.