Pete ya Ezerovo: tunaisoma, hatuielewi

Mwaka 1912, katika kijiji cha Ezerovo nchini Bulgaria, ilipatikana pete ya dhahabu ya karne ya 5 KK ambayo hadi leo inawatoa jasho wataalamu wa lugha. Imechongwa herufi 61 za Kigiriki katika mistari minane. Fundi aliishiwa na nafasi, mstari wa mwisho akaupeleka ukingoni. Kwa herufi zetu, inaanza hivi: ROLISTENEASNERENEATILTEAN. Anayejua alfabeti ya Kigiriki ataitamka yote bila kukwama, kama mtoto wa madrasa anavyosoma Kiarabu kabla hajafundishwa maana. Lakini lugha yenyewe ni Kithrakia, lugha iliyokufa ya Wathrakia, watu wa kale wa eneo ambalo sehemu yake leo ni Bulgaria.

Ugumu unaanzia kwenye kuyatenganisha maneno, kwa kuwa yameandikwa mfululizo. Chukua BABAKALALAMIKA. Je, ni "baba kalalamika", au Mika anaambiwa kwamba baba kalala? Wewe utaamua kwa sababu Kiswahili unakijua. Kithrakia hakina tena wa kumuuliza, ndiyo maana tafsiri za pete hii ni nyingi na kila moja inapingana na mwenzake.

Si kwamba Wathrakia walikuwa wachache. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, aliwahesabu kuwa wa pili kwa wingi baada ya Wahindi, akasema wangekuwa chini ya mtawala mmoja hakuna ambaye angewaweza. Spartacus, aliyeitikisa Roma kwa uasi wa watumwa, alikuwa Mthrakia. Ila hawakuwa na maandishi yao wenyewe, na wakubwa wao walipotaka kuandika waliazima Kigiriki. Kofia ya vita ya mfalme wao Seuthes III, iliyofukuliwa mwaka 2004 karibu na Kazanlak, ina jina lake kwa Kigiriki.

Kwa hiyo tunaokoteza. Mwanajiografia Strabo ametuachia neno moja, "bria", yaani mji. Ndilo lililo mwishoni mwa Mesembria, Nesebar ya leo. Majina ya watu na mito yanaongeza kidogo, ya kutosha kuonyesha kwamba Kithrakia ni cha familia ya Kihindi-Kiulaya, ile ile ya Kigiriki, Kihindi na Kiingereza.

Mwaka 46 BK Roma iliifanya Thrakia kuwa jimbo lake. Kigiriki na Kilatini vikatawala, kisha kuanzia karne ya 6 wakaingia Waslavi. Mji ambao Wagiriki waliuita Philippopolis, Wathrakia waliuita Pulpudeva. Waslavi walilichukua jina hilo la Kithrakia, wakalipinda kwa matamshi yao, na leo mji huo unaitwa Plovdiv.