Filamu nwaa ni nini? Tuichunguze kupitia Double Indemnity

Filamu nwaa ni filamu ya uhalifu inayokaa upande wa mkosaji. Tunamwona akilichagua kosa mwenyewe, akili zake zikiwa timamu, kisha tunaandamana naye mpaka pale linapomfikisha. Giza la picha, kofia iliyoinamishwa, moshi wa sigara na lami iliyolowa mvua ni vyombo tu vya kulionyesha jambo hilo. Wengi huanzia kwenye vyombo, na ndiyo maana filamu nyingi zinazopewa jina hili leo zina kivuli kingi lakini hazina nwaa ndani.

Jina lenyewe ni la Kifaransa, film noir, yaani filamu nyeusi. Wakati Ujerumani ilipoikalia Ufaransa, filamu za Marekani zilizuiwa. Vita vilipokwisha ziliingia Paris kwa mkupuo, na katika kiangazi cha 1946 watazamaji wa huko waliona ndani ya muda mfupi The Maltese Falcon, Laura, Murder, My Sweet na Double Indemnity. Mhakiki Nino Frank akaandika mwezi Agosti mwaka huo kwamba hapa kuna kitu kipya, akakiita kwa jina hilo. Hollywood kwenyewe waliendelea kutengeneza melodrama zao za mauaji bila kujua kwamba zimeshabatizwa.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano wa karibu wa kutofautishia. Katika riwaya za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, mauaji yameshatokea, nasi tunakaa na mpelelezi na kiko chake tukisubiri afumbue fumbo. Mpelelezi yuko nje ya uovu, na mwisho kila kitu hurudi mahali pake. Hiyo ni hadithi ya upelelezi. Nwaa huweza kumtumia mpelelezi pia, lakini swali lake si nani aliyeua. Swali lake ni kwa nini mtu wa kawaida, mwenye kazi na mshahara, alikubali kuua, na ni wapi mpango wake utapasuka.

Double Indemnity ya 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder kwa kampuni ya Paramount, inafaa sana kujifunzia kwa sababu inajieleza tangu dakika za mwanzo. Wakala wa bima Walter Neff anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi, anakaa mbele ya mashine ya kunasa sauti, anaanza kuungama kwa mwenzake wa kazini Barton Keyes. Anasema aliua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na hakupata pesa wala mwanamke. Mwisho umeshatolewa. Kinachotushika baada ya hapo ni kutazama hatua moja baada ya nyingine, tukijua tayari zinaelekea wapi.

Njama inategemea kifungu cha bima kinachoipa filamu jina lake. Baadhi ya ajali hutokea kwa nadra sana, hivyo kampuni huahidi kulipa mara mbili zikitokea. Bima ya Bwana Dietrichson ni ya dola 50,000, lakini akifa kwa ajali ya treni ni 100,000. Basi Neff na mke wa Dietrichson, Phyllis, wanamuua garini, kisha Neff anapanda treni kwa magongo akijifanya yeye ndiye marehemu aliyevunjika mguu, anajitupa kutoka behewa la nyuma, na maiti inalazwa relini. Mpango hauna kasoro isipokuwa moja: marehemu alikuwa pia na haki ya kudai fidia ya mguu wake, na hakudai. Keyes, mkaguzi wa madai, ananusa hapo. Mtu anayejua ana bima ya ajali hawezi kuvunjika mguu akakaa kimya. Napenda sana jinsi filamu hii inavyoangushwa na fomu ambayo haikujazwa, wala si na shahidi aliyetokea kwa bahati.

Chanzo chake ni kesi ya kweli. Mwaka 1927, jijini New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walihukumiwa kwa kumuua mume wa Ruth, ambaye alikatiwa bima yenye kifungu cha namna hiyo. Waliuawa kwa kiti cha umeme gerezani Sing Sing Januari 1928. James M. Cain, mwandishi wa habari aliyegeukia riwaya, aliitumia kesi hiyo katika hadithi iliyochapishwa kwa sehemu katika jarida la Liberty mwaka 1936. Studio ziliitaka hata kabla haijachapishwa, lakini ofisi ya Joseph Breen, iliyosimamia kanuni za maadili za Hollywood, ilitoa onyo kali mwaka 1935 na mradi ukalala kwa miaka minane.

Kanuni hizo zilichangia umbo la nwaa kuliko watu wanavyodhani. Filamu haikuruhusiwa kumwonyesha mhalifu akifaidika na uhalifu wake. Katika hadithi ya Cain, wapenzi wale wanaelekea kujiua pamoja melini, jambo ambalo lisingepita kirahisi. Kuanza na mtu aliyejeruhiwa anayekiri kulitatua tatizo hilo: adhabu iko mezani kabla ya dhambi. Maungamo yale yalikuwa karatasi ya kupitia mlango wa Breen, na wakati huohuo ndiyo yanayoipa filamu uzito wa mtu anayejihukumu mwenyewe.

Cain alikuwa amefungwa na mkataba wa studio nyingine, na Charles Brackett, mwenzi wa Wilder katika uandishi, aliiona hadithi ni chafu mno akakataa. Akaletwa Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya za upelelezi ambaye hakuwahi kuandika kwa ajili ya filamu. Yeye na Wilder hawakupatana hata kidogo. Lakini Chandler aliona jambo muhimu: mazungumzo ya Cain yaliandikwa kwa ajili ya jicho, na yakitamkwa na waigizaji hulegea. Wakayaandika upya, mafupi na yenye makali, watu wawili wakijibizana kila mmoja akificha anachotaka. Chandler anaonekana sekunde chache ndani ya filamu, ameketi akisoma nje ya ofisi ya Keyes.

Uchaguzi wa waigizaji nao ulikuwa wa makusudi. Fred MacMurray alijulikana kwa vichekesho vya mapenzi, na uso wake wa jirani mwema ndio unaotisha anapoanza kupanga mauaji. Barbara Stanwyck alivishwa wigi ya njano inayoonekana wazi ni ya bandia, na kikuku mguuni. Phyllis ndiye mfano unaotajwa zaidi wa mwanamke wa maangamizi, mhusika ambaye mvuto wake ni mtego. Ila ukimsikiliza Neff vizuri, alishawahi kuwaza namna ya kuiibia kampuni kabla hajakutana naye. Edward G. Robinson, aliyezoeleka kama jambazi, ndiye Keyes.

Sasa mwanga. Mpangilio wa kawaida wa studio una taa tatu: taa kuu inayoupiga uso, taa ya kujazia inayolainisha kivuli upande wa pili, na taa ya nyuma inayomtenga mtu na ukuta. Katika kichekesho, upande wenye mwanga huzidi wa kivuli kwa takriban mara mbili. Katika nwaa taa ya kujazia hupunguzwa au kuzimwa, na tofauti hufika mara nane na zaidi. Mkuu wa kamera John F. Seitz aliitumia mbinu hiyo katika nyumba ya Dietrichson mchana kweupe: jua linapenya mapazia ya vibanzi na kuchora mistari kwenye kuta na kwenye suti ya Neff. Ili miale ionekane angani, alipuliza chembechembe za alumini zionekane kama vumbi.

Anayetaka kuijaribu mistari hiyo hukosea kwenye ukubwa wa taa. Chukua chanzo cha upana wa sm 10, kiweke mita 4 nyuma ya vibanzi, na ukuta mita 1 mbele yake. Kingo za kivuli zitakuwa na ukungu wa sm 2.5, na mistari itasomeka. Ukiweka paneli ya sm 40 mahali palepale, ukungu unafika sm 10, na vibanzi vya sm 5 vinapotea kabisa. Kwa hiyo taa iwe ndogo na mbali, vibanzi viwe karibu na ukuta. Kosa jingine ni kuzima taa ya nyuma pamoja na ya kujazia: suti nyeusi inamezwa na ukuta mweusi na kichwa kinabaki kikielea. Na usipige kwa rangi kisha ukaondoa rangi bila kupima kwanza, maana gauni jekundu na ukuta wa kijani huweza kutoka kijivu kilekile.

Sauti ya msimulizi nayo huharibiwa vivyo hivyo. Wilder alishikilia kwamba isieleze kile ambacho mtazamaji anakiona tayari, bali iongeze. Neff hatuambii kwamba anatembea barabarani. Anatuambia kwamba hakusikia nyayo zake, kana kwamba anatembea mtu aliyekwisha kufa.

Wilder alipiga pia tukio la Neff kuuawa katika chumba cha gesi, Keyes akitazama, kisha akalitoa. Filamu inaishia mlangoni mwa ofisi: Neff ameanguka, na Keyes, ambaye siku zote alikosa kiberiti na kuwashiwa na Neff, sasa anamwashia yeye. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu urafiki wa hao wawili ndio uliosalitiwa kweli. Serikali na chumba chake isingeongeza kitu. Filamu iliteuliwa Oscar saba bila kupata hata moja, na ile ya upigaji picha wa rangi nyeusi na nyeupe ilikwenda kwa Laura.

Mipaka ya nwaa bado inabishaniwa. Wengi huanza na The Maltese Falcon ya 1941 na kufunga na Touch of Evil ya 1958, na zilizofuata huitwa nwaa mpya. Mfano wangu kwa wanaodai lazima iwe nyeusi na nyeupe ni Leave Her to Heaven ya 1945, iliyopigwa kwa rangi kali za Technicolor. Mauaji yake makubwa yanatokea ziwani, jua likiwaka, mwanamke akiwa amekaa kwenye mtumbwi na miwani myeusi usoni huku kijana akizama mbele yake. Hakuna kivuli popote pale, na bado wahakiki wengi huiweka kwenye orodha.