Bima ya gari nchini Uganda: kununua moja kwa moja au kupitia wakala

Kununua bima ya gari moja kwa moja ni kufunga mkataba na kampuni ya bima bila mtu wa kati. Mwenye gari huenda katika ofisi ya kampuni, au hutumia tovuti au simu yake, hujaza fomu ya maombi mwenyewe, hulipa katika akaunti ya kampuni na kukabidhiwa hati yake. Anayenunua kupitia wakala hufunga mkataba uleule na kampuni ileile, ila kazi ya kueleza, kujaza fomu na kufuatilia hati hufanywa na mtu mwingine, ambaye kampuni humlipa kamisheni kutokana na ada aliyotoa mteja. Kwa mtazamo wa haraka tofauti ni ya njia tu, lakini kinachotenganisha njia hizi hasa ni swali la nani anasema kwa niaba ya nani, na jibu la swali hilo hujulikana siku ya madai, wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kurekebisha fomu.

Wateja wengi humchukulia wakala kuwa mtu wao, kwa sababu ndiye anayepokea simu zao na ndiye aliyewatembelea dukani au nyumbani. Kisheria wakala ni mkono wa kampuni iliyompa kazi, na anauza bidhaa za kampuni hiyo. Anayemwakilisha mteja ni dalali wa bima, ambaye huzilinganisha kampuni mbalimbali na kutafuta masharti yanayomfaa mwenye gari, ingawa naye kwa kawaida hulipwa kamisheni na kampuni. Wote wawili hupata leseni kutoka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017. Benki nazo zimeruhusiwa kuuza bima, na mwenye gari aliyekopa benki akaelekezwa kununua bima kubwa, yaani ile inayolipia pia uharibifu wa gari lake mwenyewe, katika dirisha la pili la benki hiyohiyo anapaswa kujua kwamba hapo benki imesimama kama wakala wa kampuni, na kwamba kinga inayotazamwa kwanza ni ya mkopo wake.

Kwa bima ya mtu wa tatu, ile ambayo kila gari linatakiwa kuwa nayo barabarani chini ya sheria ya mwaka 1989, sioni sababu kubwa ya kutafuta wakala. Bima hiyo inahusu kifo au majeraha ya watu wengine, si gari la mteja wala mali aliyoigonga, na sheria hiyo iliiwekea fidia kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali moja. Hakuna masharti ya kujadiliana. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba stika ya bima inayobandikwa kwenye kioo cha gari ni halali na kwamba namba ya gari imeandikwa sawasawa, na hilo ni rahisi zaidi kwa anayenunua katika kampuni yenyewe kuliko kwa anayemwachia fedha kijana wa bondi ya magari, yaani yadi ya kuuzia magari, anayeahidi kuileta kesho.

Bima kubwa ni habari nyingine, na humo ndimo wakala anaweza kuwa na faida au kuwa na hasara kubwa. Mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema kamili: mwombaji hutakiwa kueleza mambo yote yanayoweza kubadilisha uamuzi wa kampuni, kama vile ajali za nyuma, dereva mwingine anayeliendesha gari, au kwamba gari lililoandikishwa kwa matumizi binafsi linabeba abiria wa Uber au Bolt jioni. Anayejaza fomu mwenyewe hukutana na kila swali na hulazimika kulijibu. Anayejaziwa huweka sahihi tu, na mara nyingi hajasoma kilichoandikwa juu ya jina lake.

Hatari ya jambo hili ilionekana wazi katika kesi ya Newsholme, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1929, ambayo ilihusu bima ya basi. Mteja alimweleza wakala ukweli kuhusu hasara za nyuma, wakala akaandika majibu yasiyo sahihi, mteja akatia sahihi. Mahakama iliona kwamba katika kujaza fomu ile wakala alikuwa akiandika kwa niaba ya mteja, hivyo kampuni ilikuwa na haki ya kukataa kulipa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Uganda, lakini sheria ya mikataba ya nchi imekulia katika misingi hiyohiyo, na somo lake kwa mnunuzi wa Kampala au Mbale ni la moja kwa moja: aombe nakala ya fomu iliyojazwa, aisome, kisha ndipo atie sahihi.

Jambo la pili ni thamani ya gari. Ada ya bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani hiyo, kwa hiyo wakala anayetaka kufunga biashara haraka anaweza kushauri thamani ishushwe ili ada ipungue. Pale mkataba una kifungu cha uwiano, kinachopunguza malipo kwa kadiri thamani iliyokatiwa bima ilivyo chini ya thamani halisi, gari la shilingi milioni 40 lililokatiwa bima ya milioni 20 likipata uharibifu wa milioni 6, mteja hulipwa milioni 3, kabla hata ya kutoa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mteja hujigharimia mwenyewe. Wakala mwaminifu, na wako wengi, atakataa kabisa kuandika thamani ya namna hiyo na atasisitiza gari lithaminiwe.

Kuhusu bei, watu hudhani kwamba kumruka wakala lazima kushushe ada. Huenda ikawa hivyo, lakini kampuni inayouza yenyewe nayo ina wafanyakazi, ofisi na matangazo ya kulipia, na baadhi ya kampuni hutoza ada ileile kwa njia zote. VAT ya asilimia 18 na ushuru wa stempu haviondoki kwa kumkwepa wakala. Mnunuzi aombe makadirio ya maandishi kwa njia zote mbili, ya gari lilelile na masharti yaleyale.

Fedha zilipwe katika akaunti au namba ya malipo ya kampuni, na risiti iwe ya kampuni, kwani risiti ya mkono kutoka kwa mtu binafsi inaweza kumwacha mteja bila ushahidi kwamba ada ilifika. Leseni ya wakala nayo hutolewa kwa muda maalumu, kwa hiyo kitambulisho cha mwaka juzi hakitoshi. Anayevuka mpaka wa Malaba kuingia Kenya au wa Mutukula kuingia Tanzania aulize mapema kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayotambulika katika nchi za kanda zilizo katika mpango huo, ambayo huongezwa juu ya bima ya nyumbani.

Ajali ikitokea, aliyenunua moja kwa moja hufuatilia mwenyewe ripoti ya polisi, mkadiriaji na gereji, na asiye na muda huchoka njiani. Hapa wakala mzuri, na zaidi dalali, hustahili kamisheni yake. Hata hivyo taarifa ya ajali ifikishwe kwa kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, hata kama wakala amekwisha kupigiwa simu. Kampuni ikikataa dai kwa sababu asiyoiona kuwa ya haki, mteja anaweza kupeleka malalamiko katika Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, akiambatanisha nakala ya fomu ya maombi, risiti na barua ya kukataliwa.