Siku tatu za Kondoa zisiandikwe tano

Timu inatumwa Kondoa kwa kazi ya siku tano. Kutoka Dodoma mjini ni karibu kilomita 160 za lami, kazi inakwenda vizuri, na siku ya tatu jioni gari limesharudi. Jumatatu fomu ya kurejesha masurufu, yaani fedha ya safari waliyopewa kabla ya kuondoka, inatua mezani kwa mtumishi wa mwisho. Imeshajazwa siku tano. Wenzake wanamwambia: "Dada, usituharibie. Wote tumeshasaini."

Katika mafunzo ya maadili ninayoendesha kwa watumishi, nikitaja mfano huu watu huinamisha vichwa. Rushwa wanaijua kwa sura ya bahasha, siyo kwa sura ya fomu. Lakini masurufu ni fedha ya mwajiri mpaka uitolee hesabu, na posho ya kujikimu ni ya usiku uliolala nje ya kituo chako cha kazi. Usiku uliolala kwako Ilazo au Nkuhungu, hapahapa Dodoma mjini, haulipiwi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 22, inamtia hatiani anayetumia kwa makusudi risiti, hesabu au hati yenye maelezo ya uongo ili kumdanganya mwajiri wake. Ziwe siku mbili au ishirini, uongo ni uleule.

Tena karatasi zinasemana. Dereva ameandika kilomita na saa ya kurudi kwenye daftari la gari. Risiti ya mafuta ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti, ina tarehe na saa. Mkaguzi huanzia hapo.

Kinachoniuma zaidi ni yule kijana aliye kwenye muda wa majaribio. Anasaini kwa kuogopa kuitwa mnoko. Hoja ya ukaguzi ikija, inataja jina lake. Aliyemwambia "saini tu, mdogo wangu" haonekani popote kwenye karatasi.

Najua posho haitoshi na nyumba Dodoma zimepanda kodi. Lalamiko hilo ni halali, na mahali pake ni kwenye baraza la wafanyakazi na chama cha wafanyakazi. Ukishajilipa mwenyewe kwa fomu ya uongo, utasimama vipi kulisema?

Basi andika siku tatu. Omba namba ya malipo (control number), rudisha baki, tunza nakala ya risiti. Ukishinikizwa, omba maelekezo kwa maandishi. Mara nyingi hayaji. Shinikizo likiendelea, piga 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni bure, na tangu mwaka 2015 ipo sheria inayomlinda mtoa taarifa.

Na wewe mkuu wa idara, fomu hiyo inapita kwako. Irudishe ikarekebishwe kabla haijamponza yule kijana.