Ucheshi wa giza katika gemu za shuleni, na kwa nini hadhira hugawanyika

Ucheshi wa giza ni uchekeshaji unaolichukua jambo zito, kama kifo, ukatili au uonevu, na kulifanya lichekeshe huku uzito wake ukiendelea kuonekana. Uzito ukifutwa kabisa, kinachobaki ni utani wa kawaida. Ukiachwa peke yake, hiyo ni gemu ya kutisha. Gemu za aina hii ambazo hadithi zake hutokea shuleni hutembea juu ya mpaka huo, ndiyo maana gemu ileile humfanya mmoja acheke hadi machozi na mwingine aizime mapema kwa hasira.

Wanasaikolojia Peter McGraw na Caleb Warren walieleza mwaka 2010 kwamba kicheko huja mtu anapoona mambo mawili kwa wakati mmoja: kanuni imevunjwa, na uvunjaji huo hauna madhara. Likikosekana la kwanza, hakuna cha kuchekesha. Likikosekana la pili, mtu huchukizwa au huogopa. Shule ni mahali pagumu kwa sababu karibu kila mchezaji ana kumbukumbu zake za huko. Aliyesoma kwa raha humwona mwalimu katili wa kwenye gemu kuwa katuni. Aliyeonewa miaka mingi humwona mtu anayemfahamu, na kwake sharti la pili halitimii hata kama gemu imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Huyo hajakosa ucheshi. Umbali kati yake na jambo linalochekwa ndio haupo.

Watengenezaji wazuri huujenga umbali huo kwa makusudi. Katika Kindergarten, iliyotoka mwaka 2017, mchezaji ni mtoto wa chekechea anayeirudia Jumatatu ileile. Watoto wanaweza kufa, na watu wazima wa shule ni hatari kuliko mtu yeyote. Lakini michoro ni ya kitoto, kwa hiyo damu haifanani na damu halisi, na siku ikianza upya waliokufa wamesimama tena uwanjani. Kubwa zaidi ni mwelekeo wa utani: kinachochekwa ni watu wazima wanaoyachukulia maafa kama usumbufu mdogo wa ratiba, wala si mtoto anayeumia. Danganronpa ya Japani, ya mwaka 2010, ilichagua njia nyingine: wanafunzi wanauana kwa amri ya dubu ambaye ndiye mkuu wa shule, ila damu yao imepakwa rangi ya waridi.

Jambo moja hulitenga gemu na filamu. Mtazamaji wa filamu huweza kumlaumu mhusika. Mchezaji ndiye aliyebonyeza kitufe. Kwa hiyo lawama kali huja pale gemu inapomlazimisha kumdhuru mnyonge ili hadithi iendelee, bila kumpa njia ya pili. Tatizo jingine ni marudio. Kifo kilichoshtua mara ya kwanza, kikirudiwa mara ya tano ili kutafuta kitu kilichofichwa, huwa kero tu. Baadhi ya malalamiko ya kwamba “gemu haichekeshi” yanatokana na marudio hayo kuliko na maudhui.

Tena kuna hadhira isiyocheza kabisa, na kelele yake huweza kuwa kubwa kuliko zote. Bully (yaani “mwonevu”), gemu ya kampuni ya Rockstar, ilipokaribia kutoka Oktoba 2006, mwanasheria wa Florida, Jack Thompson, alikwenda mahakamani kuizuia. Jaji aliagiza aonyeshwe gemu yenyewe, kisha akairuhusu. Ndani yake hakuna bunduki za kweli wala mauaji. Kuna manati, fataki na unga wa kuwasha, na mchezaji akimpiga mtoto mdogo kipimo cha makosa hupanda mara moja na viranja humkimbiza wamkamate. Nchini Uingereza gemu hiyo iliuzwa kwa jina la Canis Canem Edit, na mwaka 2008 mahakama moja ya Brazili iliipiga marufuku. Mengi ya mabishano ya awali yalihusu jina na mazingira ya shule, kwa sababu wengi walikuwa hawajaicheza.

Anayetaka kupima mapokeo ya gemu kama hizi asiishie kwenye asilimia. Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, lebo ya maoni mseto hupewa gemu yenye maoni chanya kati ya asilimia 40 na 69, na kwa ucheshi wa giza lebo hiyo huweza kumaanisha hadhira mbili zisizokutana, wala si gemu ya wastani. Tazama saa alizocheza kila mtoa maoni. Steam kwa kawaida hurudisha pesa kwa aliyecheza chini ya saa mbili na kuomba ndani ya siku 14, hivyo maoni hasi ya chini ya saa mbili mara nyingi yanahusu mshtuko wa mwanzo. Maoni hasi ya saa kumi huzungumzia zaidi uandishi na marudio, na hayo ndiyo yenye faida kwa mnunuzi.

Vipande vya video za watu wanaocheza mubashara vitazamwe kwa namna tofauti kabisa. Huko hadhira hucheka uso wa mchezaji anaposhtuka, na sehemu za uchovu zimekatwa. Mtoto aliyeijua gemu kupitia vipande hivyo hufikiri ni katuni, kwa hiyo mzazi aangalie daraja la umri kwenye ukurasa wa gemu yenyewe kabla ya kuinunua.