Mji wa Mombasa Haukuanzia Fort Jesus

Wiki hii nimelisikia tena, kutoka kwa wageni watatu wasiojuana: "Kwa hivyo Mji wa Kale ulijengwa na Wareno." Mmoja ni Mkenya mwenzangu. Kazi yangu ni kutembeza watu mitaa hii, na hakuna neno linaloniuma kama hilo.

Mreno aliukuta mji. Vasco da Gama alifika Aprili 1498. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alikuwa ameshapita mwaka 1331, akaandika habari za misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti, yenye visima mlangoni, watu wakiteka maji na kuosha miguu kabla ya kuingia. Hiyo ni zaidi ya miaka 160 kabla ya Mreno! Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ikawekwa pale kwa sababu palikuwa na bandari na mji wa kudhibitiwa. Msikiti wa Mandhry unakadiriwa kuwa wa mwaka 1570, na hadi leo unaswaliwa. Nyumba za roshani mnazopiga picha? Nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Mreno ameshaondoka zamani.

Tafuta ukuta uliobanduka lipu, uguse jiwe. Ni tumbawe, lina vitundu kama sega la nyuki. Kisha ukikaribishwa ndani, tazama dari: boriti za mikoko zimepangwa ubavu kwa ubavu. Vyumba vya kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Huo ni ujenzi wa Waswahili, hakuletewa mtu.

Dhana hii huharibu hata matembezi. Mtu huanzia ngomeni saa nne, hutoka saa sita jua la utosi, hupiga picha mlango mmoja kisha huita tuktuk. Nawasihi: anzeni saa moja asubuhi kwa mahamri na mbaazi, fuateni Ndia Kuu (ndiyo "njia kuu" kwa Kimvita), teremkeni hadi Bandari ya Kale. Ngome iwe ya mwisho, alasiri.

Eti Mombasa haitembeleki kwa joto. Vichochoro vile ni vyembamba ili nyumba zitiane kivuli. Saa sita hadi saa tisa pumzika, kama tufanyavyo wenyewe.

Na zile pembe kubwa zilizopindana juu ya barabara ya Moi Avenue si za ndovu. Ni alumini.

Na feri ya Likoni, anayevuka kwa miguu halipi, kwa hivyo usimpe mtu yeyote pesa ya "tiketi". Ila usivuke saa kumi na moja jioni, wafanyakazi wanaporudi makwao. Nenda asubuhi, uegemee ukingoni, ukitazame kisiwa kikisogea mbali.